Mabomu ya Mbao

Mulembe Papa,

Nakutumia amani hiyo ya kwetu wewe pamoja na Mama, ambaye najua ndiye ameishika karatasi hii karibu na dirisha, kwa kuwa macho yako hayataki tena herufi ndogo. Mama, soma polepole. Ukifika mahali unapoona ni afadhali uruke, usiruke. Nimeandika kila neno nikijua litasomwa kwa sauti.

Mu wazima hapo Lugulu? Goti la Mama limepoa, au bado anapanda njia ya kanisani akishikilia ua wa watu? Mahindi ya shamba la chini yamekauka vya kutosha kuvunwa? Na yule ng'ombe mweupe, ameshazaa au bado anawahangaisha?

Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, nina koti zito. Ila huku Uingereza unga wa ugali ni wa manjano na laini kama poda ya mtoto, ugali wake haushikani, na mboga ya saga sijaionja tangu nije. Juzi nilisimama dukani mbele ya fungu la majani madogo madogo, nikachomoa moja, nikalisugua vidoleni ninuse kama ni saga. Halikuwa. Mwenye duka alikuwa ananiangalia, kwa hivyo nikanunua fungu zima kwa aibu. Hata jina lake sikulijua.

Papa, naandika kwa sababu simu yangu huipokei. Tangu mwezi wa pili, kila nikipiga, Mama huniambia, "Papa yako ametoka kidogo, ameenda kuangalia ng'ombe." Hata mvua ikinyesha mpaka naisikia ikipiga mabati, wewe bado umeenda kuangalia ng'ombe. Sikulaumu. Lakini barua hujawahi kuitupa. Hata zile za chama cha maziwa unazifunga kwa kamba na kuziweka sandukuni. Nikaona afadhali nije kwako kwa njia hiyo.

Nakumbuka tulivyozungumza mara ya mwisho, neno kwa neno. Binamu yangu Wanyonyi alikuwa amekuonyesha picha kwenye simu yake, mimi nimesimama chini ya bawa kubwa, natabasamu kama mtu aliye harusini. Ukaniuliza, "Nekesa, hiyo ndege unatengeneza ilikuwa ya kubeba nini?"

Ningeweza kusema abiria. Ningeweza kusema sijui. Nilisema, "Mabomu, Papa. Lakini ni ya zamani sana, haitaruka tena, ni ya kuwekwa makumbusho..."

"Si uliniambia ati ni ndege ya zamani tu?"

"Ndiyo, Papa."

"Basi nimesikia," ukasema, ukampa Mama simu.

Sihitaji mtu kunieleza kwa nini. Nilikuwa darasa la sita ule mwaka wa vurugu za mlimani, tukiishi bado kule karibu na Lwakhakha, wale vijana walipokuja karakanani kwako na magogo mabichi wakitaka uwachongee marungu na mipini ya mikuki. Ulikuwa unaranda mguu wa dawati la shule. Hukuacha kuranda. Ukawaambia, "Mimi natengeneza viti na madawati. Hiyo kazi yenu siijui." Yule mrefu akacheka, akasema, "Mzee, si rungu na mguu wa dawati vyote ni mti tu, bana?" Ukamjibu, "Ni mti tu. Lakini mikono ni yangu." Siku ya tatu tulirudi kutoka kanisani tukakuta moshi. Madawati yote, mbao, benchi ya kazi, randa ya marehemu babu yangu Kuka, vyote vilikuwa majivu. Mama alilia. Wewe ulikaa juu ya jiwe mpaka moto ukazima wenyewe, kisha ukasema tufungashe, tunaenda Lugulu kwa watu wa kanisa. Sikukusikia ukimtaja hata mmoja wa wale vijana kwa ubaya.

Kwa hivyo najua ni nini kilichoingia sikioni mwako niliposema lile neno. Lakini kuna mambo sikukueleza vizuri, na mengine sikukueleza kabisa. Leo nayaeleza yote.

Watu wa kwanza kuruka waliruka kwa injini moja, kwenye kitu kilichokuwa mbao, waya na kitambaa, chepesi kama mwavuli. Injini ikizima, safari imeisha, mnashuka mlipo. Basi huko Urusi, kabla ya vile vita vikuu vya kwanza, mhandisi mmoja kijana akasema atajenga ndege ya injini nne. Wakubwa wakamcheka. Walisema injini za upande mmoja zikizima, ndege itazunguka kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi. Akaijenga, ikaruka. Ndani aliweka chumba chenye madirisha ya vioo, viti vya kusukwa na meza ya kunywea chai. Katika zile za baadaye, injini ikisumbua, fundi alitoka nje akatembea juu ya bawa, huko huko angani, akaenda kuitengeneza. Bi Helen, mkuu wa karakana yetu, aliponionyesha picha hizo nilifurahi kama mtoto. Nilijiambia, huyu alitaka watu wasafiri mbali pamoja, wakitazama nchi kwa dirisha.

Kisha akafungua ukurasa wa pili. Vita vimeanza. Hakuna tena habari za chai. Mabomu yameingia. Haikuchukua muda, Papa. Bawa lililoweza kubeba watu na meza yao liliweza kubeba kitu kingine chochote, na kila nchi kubwa ikakimbilia kujenga lake. Hii tuliyoitengeneza sisi ni ya Waingereza, ya injini mbili. Mabawa yake ni marefu kupita kanisa letu, na hukunjwa nyuma kama ya panzi aliyetua. Vita vilipoisha, nyingine za aina yake ziliondolewa mabomu zikawekwa viti, zikabeba abiria na barua. Viti vikarudi. Sijui kama hilo litakufariji. Mimi lilinifariji siku moja, siku iliyofuata likaniudhi.

Mbavu za bawa moja zilipatikana kwa mkulima, zimekuwa paa la nyumba ya kuku miaka na miaka. Kazi yangu ilikuwa kuzipima hizo chache zilizobaki na kuchonga nyingine mpya zifanane nazo. Ubao wake unatoka kwa mti wa jamii ya msonobari, wanauita sprusi, mwepesi, wenye nyuzi zilizonyooka kama nywele zilizochanwa. Zile ncha za mbele hukunjwa kwa mvuke, ile mbinu niliyofunzwa Kitale na Mzee Kartar, Kalasinga mwenye karakana ya fanicha. Bi Helen huwaambia wageni kwamba hakuna mtu hapa anayekunja ubao bila kuupasua kama mimi. Nikisikia hivyo natamani ungekuwa umesimama mlangoni.

Siku ya kwanza niliporanda ule ubao, maranda yakaanguka juu ya viatu vyangu, nikanusa, ikabidi nitoke nje. Harufu si ile ya msaipresi wa kwetu, lakini ilikuwa karibu sana. Nilipokuwa nimepanga chumba Kibomet, pale Kitale, nilikuwa nalalamika ati Lugulu ni mbali, ati nauli, ati matope. Kumbe nilikuwa naweza kuondoka baada ya chai na kuwakuta bado hamjala cha mchana. Siku hiyo nilisimama nje kwenye upepo wa bahari nikiwaza Jumapili zote nilizokaa Kibomet nikifua nguo.

Jirani yangu kwenye benchi ni mzee anayeitwa Leonard. Ulimi wangu wa Bungoma ukichoka humwita Renadi, naye huitika. Ana miaka inayokaribia yako. Vidole vyake vimevimba kwenye viungo, lakini hataki kuambiwa apumzike. Yeye ndiye aliyenionyesha mahali pa kununua koti, na siku niliposikia kwamba nyanya yangu Kukhu amefariki na siwezi kuja kumzika, alizima mashine zote karakanani, akakaa nami, hatukufanya kazi mpaka jioni. Nakueleza ili ujue ni mtu wa namna gani, maana sasa nafika mahali pagumu.

Mwezi wa sita Bi Helen aliniletea michoro mipya. Nilidhani ni ya milango ya tumbo la ndege. Nikaifungua, nikaona maumbo marefu, mviringo mbele, mapezi nyuma. Akaniambia, "Tunahitaji mabomu manane, ya mbao, tutayapaka rangi. Yataning'inia tumboni mwa ndege wageni wayaone."

Nikamwambia, "Hiyo kazi siwezi."

Alidhani nasema ni ngumu. "Wewe? Hii ni rahisi kuliko mbavu."

"Si ugumu, Bi Helen. Baba yangu hachongi silaha. Nami sichongi."

Papa, kibali changu cha kukaa nchi hii kimeandikwa kwa jina la karakana ile. Bi Helen akisema neno moja mimi ni wa kurudi. Moyo ulinidunda, na sitakuficha, nusu yake ilidunda kwa furaha, kwamba labda wiki ijayo ningekuwa njiani kuja. Lakini alikunja michoro, akasema ataongea na Leonard.

Leonard alikasirika. Alikuja kwenye benchi yangu na ile michoro mkononi. "Unataka watu waingie hapa waone nini?" akaniuliza. "Ndege nzuri tu? Mbao nzuri, kitambaa kizuri, wapige picha waende wakanywe chai? Ukitoa mabomu utakuwa umewadanganya."

Nikamwambia kwetu, nyumbani na kanisani, tumefundishwa tusichonge silaha.

"Na mimi nimefundishwa na bibi yangu, aliyemzaa mama," akasema. Kisha akanieleza. Wakati wa vile vita vya kwanza bibi yake alikuwa msichana mdogo katika mji mmoja wa pwani hii. Walikuwa kwenye foleni ya viazi, yeye na dada yake, mchana, jua linawaka. Wakasikia mngurumo, watu wakatazama juu. Ndege zilikuwa nyeupe na kubwa, za injini mbili, za Wajerumani, na hakuna aliyekimbia kwa sababu hakuna aliyekuwa amewahi kuona kitu kama hicho. Walidhani ni zao. Walipunga mikono. Dada yake alikuwa ameinua mkono bado mabomu yalipoanguka.

"Bibi hakuwahi kuniambia ndege zilikuwa mbaya," Leonard akasema. "Aliniambia zilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililomuuma mpaka akafa."

Akachukua kipande kinene cha ubao akakifunga kwenye jiriwa, akaanza kuchonga mwenyewe.

Siku nne nilimwona akihangaika. Randa ilimteleza. Vidole havikuweza kuushika mpini vizuri, akawa anausukuma kwa kiganja mpaka kiganja kikachubuka. Hakuniomba msaada wala hakunisemesha. Siku ya tano patasi ilimkata kidole gumba, damu ikadondoka juu ya ubao. Nilimfunga kitambaa. Kisha nikaichukua randa mkononi mwake.

Papa, niliyachonga. Yote manane. Hakuna aliyenilazimisha. Mama, usishushe sauti hapo.

Na nitakuambia kitu ambacho hata Leonard sikumwambia. Nilidhani mikono yangu itaikataa kazi hiyo. Haikuikataa, iliipenda. Lile umbo linaelekea kuwa kama kibuyu cha maziwa, linajaa kiganjani, ukipitisha msasa linazidi kuita. Kwenye bomu la tatu nilijikuta naimba. Niliposikia sauti yangu mwenyewe niliweka msasa chini, nikaenda kunawa mikono ingawa haikuwa michafu.

Ndege ilifunguliwa kwa watu mwezi wa nane. Kulikuwa na hotuba na keki. Ilipendeza sana, nitasema kweli, imeenea ukumbi wote, kitambaa kimekazwa mpaka ukikigonga kinalia kama ngoma. Na chini ya tumbo, manane yangu, yamepakwa rangi ya manjano.

Watu walipopungua nilimwona mwanamke mmoja wa makamo, amejifunga mtandio, amesimama peke yake chini ya mabomu. Alinyoosha mkono, jambo ambalo haliruhusiwi, akagonga moja kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayebisha hodi. Likatoa sauti ya ubao. Nikaona mabega yake yakishuka.

"Mbao," akaniambia, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu.

"Ndiyo, mama. Mimi ndiye niliyeyachonga."

Alinitazama. Baadaye nilijua anaitwa Samira, anafanya kazi kwenye duka la mikate pale mjini, na ametoka katika nchi ambayo vita vyake wewe na mimi tulivitazama kwenye habari tukila chakula. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua njia.

"Kwa nini umeyafanya mazuri hivi?"

Nilifikiria kumwambia habari ya bibi yake Leonard, habari ya ukweli na wageni na keki, nikaiacha. Nikasema, "Sijui. Ndivyo mikono ilivyofundishwa."

Akatikisa kichwa. "Kwetu hatukuyaona yalivyo," akasema. "Tuliyasikia tu yakija."

Tulitoka nje tukakaa kwenye benchi. Sikuwa na cha kumpa isipokuwa chai ya chupa yangu, chai ya maziwa niliyoipika mwenyewe kwa tangawizi. Alikunywa akafumba macho. Akasema hata kwao waliweka tangawizi. Akanieleza habari ya nyumba yake, ya vyumba vitatu na mti wa tini uani. Sikumuuliza ni nani waliokuwa ndani. Alinieleza mtini tu, matunda yake, jinsi ndege wadogo walivyomsumbua, na alipofika kwenye ndege hao aliishia hapo, nami nikamwongezea chai. Alipoondoka alinishukuru kwa chai.

Tangu siku hiyo nalibeba swali lake kila niendako. Nilimpelekea Leonard; akasema ndiyo maana ya kuyatundika, watu waulize. Nilimpelekea Bi Helen; akasema nimefanya kazi nzuri nisijitese. Nikagundua kwamba mtu niliyetaka kumuuliza ni mmoja tu, na ameenda kuangalia ng'ombe.

Siombi uniambie kwamba nilifanya vyema. Pengine nilikosea. Pengine wewe ungemwachia Leonard benchi yake na damu yake. Au pengine ungemkalisha chini, ukachonga, kisha usingeimba. Nimefikiria sana na sijui. Ninachojua ni kwamba uliwaambia wale vijana mikono ni yako, na sasa ninajua uzito wa neno hilo kuliko siku ile nilipokuona juu ya jiwe.

Wiki iliyopita Bi Helen aliniita ofisini. Makumbusho yamenunua ndege nyingine, kubwa zaidi, ya vile vita vya pili, ya injini nne. Hiyo ni ya bati na chuma, lakini ndani ina kazi ya mbao. Wanataka nikae miaka miwili zaidi. Alisema kwa heshima, na mshahara ni mzuri kuliko nilivyostahili kutarajia.

Nimemwambia hapana.

Si kwa sababu umeninyamazia, Papa, usibebe mzigo huo. Ni kwamba nimechoka kutengeneza vitu visivyoguswa. Kila nilichochonga huku kimezungushiwa kamba. Nataka kutengeneza kitanda mtu akilalie akiwa mgonjwa, kabati mlango wake ufunguliwe vibaya na watoto mpaka ulegee niitwe kuurekebisha. Nataka mtu anikemee kwamba kiti kinalia. Na nawakosa. Nimelikosa lile pengo lako la meno ukicheka bila kutarajia, na namna Mama anavyoimba nyimbo za kanisa kwa maneno aliyoyatunga mwenyewe, akidhani hatusikii.

Leonard alipopata habari alirudi kwenye benchi yake. Jioni tukifunga, akaniuliza, "Kwenu kuna mtu wa kukushikia ubao upande wa pili ukipasua?" Nikamwambia yupo, kama atakubali.

Mnisalimie shangazi Nasike wa Bungoma, aliyenifumia sweta ambayo imekuwa koti langu la pili. Salamu kwa mjomba, yule fundi wa baiskeli, mwambieni huku baiskeli zina njia yake peke yake na bado watu wanagombana. Wanyonyi msimgombeze kwa ajili ya ile picha; hakufanya kosa. Akipita mtu wa kwenda Kitale, amfikishie Mzee Kartar salamu zangu, amwambie mvuke wake umefika mbali. Na wale kina mama wa maombi wa Lugulu walionitaja kila Jumatano, waambieni nilisikia.

Papa, nitatua Nairobi mwezi wa kumi na mbili, katikati, nipande basi la asubuhi. Siku yenyewe nitamwambia Mama. Sitaki watu wengi waje kunilaki. Kama bado umeudhika, kaa tu nyumbani, njia naijua, nitakuja kwa miguu yangu na kubisha. Lakini ukijisikia kuja pale stendi ya Bungoma, usihangaike kutafuta la kusema. Nipokee tu mfuko wa zana. Ni mzito.

Ni mimi binti yako,
Nekesa